Uliza Profesa: mto wa rangi, enzaimu iliyokufa miezi 7, na kiwanda chenye hela

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba mi niliingia kwenye baiokemia kwasababu ya mto wa utotoni, basi barua zikamiminika kama nimefungua bomba. Haya, leo najieleza. Nimechukua 5, nyingine nimezikata manake zilikuwa ndefu kuliko tasnifu, msininunie.

SWALI: Shikamoo profesa. Niko sekondari nasoma sayansi. Karibu na kwetu kuna mto unabadilika rangi, siku nyingine mwekundu siku nyingine bluu, una povu, na mwaka jana samaki wengi walikufa kwa siku moja. Nataka kuja kuokoa mazingira. Mwalimu anasema nisome sayansi ya mazingira, ila mi napenda kemia na baiolojia sawasawa, nikaambiwa basi hiyo ni baiokemia. Kwani baiokemia si ya watu wa hospitali? Na wewe ulijuaje kwamba ndo njia yako?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sikujua. Nilikuwa na miaka 9, mto wetu nao ulikuwa unafuata rangi ambayo kiwanda cha nguo kimeamka nayo, sisi watoto tukaufanya mchezo, kubashiri kesho utakuja wa kijani au zambarau, mpaka siku tulipokuta samaki wameelea matumbo juu kuanzia darajani mpaka kwenye dimbwi la chini. Nikamwandikia meneja barua kwa penseli. Sijajibiwa mpaka leo. Kwa miaka kama 10 baada ya hapo nilitembea na jibu langu kichwani na sikutaka mtu anibishie: rangi ndo iliyoua samaki.

Nikafika chuo, mwaka wa pili, tukawa na vipimo vya maji maabara. Ndo nikajifunza kwamba lita moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 20, inabeba miligramu 9 tu hivi za oksijeni, na yakipata joto la nyuzi 30 inashuka mpaka kama 7 na nusu. Ni kidogo mno! Samaki wengi wanaanza kutaabika ikishuka chini ya 5, ikifika 2 wengi hawaponi. Sasa kiwanda cha nguo, mbali na rangi, kinamwaga wanga, maana nyuzi hukazwa kwa wanga kabla ya kufumwa halafu wanga ule unaoshwa na kuachwa uende na maji. Wanga hauna rangi ya kutisha wala harufu kali, mtu angeweza kuapa ni salama. Lakini bakteria wakiukuta wanakula, wanazaana, na wote wanapumua, na oksijeni inaisha. Kuna kipimo chake cha miaka mingi, unafunga maji kwenye chupa, unaiweka gizani nyuzi 20 kwa siku 5, unapima oksijeni mwanzo na mwisho uone bakteria wametumia ngapi. Nilivyosoma ile namba ya kwanza kwenye maji yetu ya mazoezi nikakaa chini. Yule niliyekuwa namlaani miaka 10 huenda hata hakuwa mwuaji mkuu, na mwuaji mwenyewe nilikuwa namwona kila siku bila kumjua.

Hapo ndo nilipoingia, ukiniuliza. Mtoni nilipata hasira tu, hamu ya kujua ilinikuta kwenye chupa.

Kuhusu hospitali, ni kweli wengi wetu wako huko, lakini baiokemia ni kemia inayofanywa na viumbe hai wote, hata bakteria wa kwenye tope. Kitovu chake ni enzaimu, vitabu vingine vinaandika vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi ya kemia. Zinatofautiana ajabu. Katalesi iliyomo ndani ya chembe zako inavunja mamilioni ya molekuli za haidrojeni peroksaidi kwa sekunde moja, wakati rubisko, ile ambayo mimea inaitumia kunasa kaboni hewani na ambayo sisi wote tunaishi kwa mgongo wake, inajikongoja na molekuli 3 mpaka 10 hivi kwa sekunde. Ukishajua hivyo huwezi kuliangalia jani kwa jicho lile lile tena, mi bado linanishangaza na nywele zimeshapauka.

Na mazingira yamejaa kazi za namna hii. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walitangaza bakteria waliyemkuta Sakai, kwenye eneo la kuchakata chupa za plastiki, anayekula plastiki ya aina ya PET kwa kutumia enzaimu mbili. Alikuwa anakula polepole sana, kwahiyo wale waliokuwa wanasherehekea kwamba plastiki imepata mwarobaini walikuwa wamewahi. Mwaka 2020 timu ya Ufaransa ikachukua enzaimu nyingine iliyojulikana kabla, wakairekebisha, ikavunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10 kwenye joto la nyuzi 72 hivi. Soma tena hilo joto. Hiyo ni kazi ya ndani ya tangi, baharini hakuna nyuzi 72, kwahiyo mtu akikwambia enzaimu zitasafisha bahari muulize atachemsha na nini.

Mi mwenyewe nikaenda kwenye lakesi, enzaimu yenye shaba ndani yake ambayo uyoga wa kuozesha magogo unaitumia kuvunja mbao, na ambayo inaweza kuvunja rangi za nguo nyingi tu. Mara ya kwanza unaona maji ya bluu yanageuka meupe mbele ya macho yako unataka kupiga simu nyumbani. Supavaiza wangu akaangalia lile birika, akasema sawa, rangi imeenda wapi? Nikasema imeisha. Akasema hakuna kitu kinachoisha, imekuwa nini? Nilikaa miaka 2 kwenye swali hilo. Kuna rangi za jamii ya azo ambazo zikivunjwa na bakteria pasipo oksijeni zinatoa kemikali ziitwazo amini, na baadhi ya hizo amini zinasababisha saratani. Maji yanang'aa, na yamekuwa mabaya kuliko yalivyokuwa. Kwahiyo siku hizi mtu akiniletea picha mbili, kabla na baada, mi namwomba namba.

Ukiniuliza uchague nini: ukitaka kushughulika na mto mzima, sheria zake, watu wake na ramani zake, mwalimu yuko sahihi, sayansi ya mazingira ni kozi nzuri na tunawahitaji. Ukiwa ni mtu wa kuuliza "inafanyaje hivyo?" mpaka watu wanachoka na wewe, njoo baiokemia, halafu ongeza masomo ya mazingira pembeni. Na takwimu usiikimbie, nakuomba, wanafunzi wangu wazuri wengi wamekwama hapo. Wala usidhani ukikosea kozi ya kwanza umeisha. Mtafiti wa enzaimu wa Marekani, Frances Arnold, digrii yake ya kwanza ya mwaka 1979 ilikuwa ya uhandisi wa mitambo na anga, akafanya kazi kwenye nishati ya jua, ndo baadaye akahamia kwenye protini, mwaka 1993 akaonyesha jinsi ya kuilea enzaimu kwa raundi nyingi za mabadiliko ya kubahatisha na kuchagua iliyo bora, na mwaka 2018 akapewa Nobeli ya kemia.

SWALI: Habari prof. Niko mwaka wa tatu wa PhD, enzaimu yangu haifanyi kazi. Nimerudia jaribio mara nyingi hata sihesabu tena. Supavaiza anauliza matokeo tu. Wenzangu wana makala 2 tayari. Nifikirie kuacha?

JIBU: Salama, na pole sana, najua hiyo hali ya kuogopa hata kufungua mlango wa maabara asubuhi.

Ngoja nikupe aibu yangu. Lakesi niliyokuwa nayo ilikufa miezi 7. Naisafisha, naipima siku hiyo hiyo iko hai, naihifadhi kwenye bafa, yaani maji yaliyotengenezwa ili asidi isipande wala kushuka, kesho imekufa. Nikabadilisha joto, nikabadilisha pH, yaani kiwango cha asidi, nikabadilisha uyoga, nikaanza hata kuamini nina mkono mbaya. Mwezi wa saba mama mmoja fundi wa maabara, ambaye mpaka hapo nilikuwa namsalimia tu na kupita, akaniuliza hiyo chupa ya bafa umeitengeneza mwenyewe? Nikasema hapana ni ya wote. Akacheka. Chupa ya wote ilikuwa imetiwa sodiamu azaidi ili isiote bakteria, kitu cha kawaida kabisa maabara nyingi, na azaidi inang'ang'ania kwenye shaba ya lakesi na kuizima kabisa. Iliandikwa kwenye lebo! Kwa maandishi madogo, lakini iliandikwa.

Kwahiyo kabla hujaamua chochote kuhusu maisha yako, tengeneza kila kitu upya kwa mkono wako, kila chupa, maji yenyewe yabadilishe, halafu weka enzaimu ya kununua ambayo unajua inafanya kazi kwenye kipimo chako hicho hicho. Ikifa na yenyewe, tatizo ni kipimo. Ikiishi, tatizo ni enzaimu yako. Hiyo ni kazi ya wiki moja na itakwambia mengi kuliko mwaka mwingine wa kurudia kilekile. Na nenda kakae na mafundi, wao wameona makosa ya watu 50 na we umeona ya mtu mmoja.

Kuhusu kuacha. Watu watakutajia mwanabaiokemia Katalin Karikó, kwamba mwaka 1995 chuo kilimshusha cheo, akang'ang'ana na mRNA yake, ile molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, mwaka 2005 yeye na Drew Weissman wakachapisha ile kazi ya kubadilisha nyukliosaidi, yaani vipande vinavyoijenga mRNA, na mwaka 2023 wakapata Nobeli. Yote kweli. Lakini mi sipendi inavyotumika hiyo habari, inatumika kumwambia kila anayeteseka kwamba mateso ni dalili njema, wakati tunamjua yeye kwasababu alishinda, na waliong'ang'ana wakashindwa hatuna hata majina yao. Afadhali ujiulize hivi: je, swali lako bado unalitaka? Kama bado, badilisha njia, hata supavaiza wa pili unaweza kuomba aongezwe, vyuo vingi vinaruhusu. Kama hulitaki tena, kuondoka na masta si msiba. Na hao wenye makala 2, waache na makala zao.

SWALI: Hivi mkurugenzi wa utafiti wa chuo anafanya nini siku nzima? Niambie ukweli, hauikumbuki maabara?

JIBU: Vikao. Ukweli ndo huo, vikao na saini.

Ila ndani ya hizo saini kuna mambo. Kuna maandiko ya miradi yanayotaka kuondoka leo saa 11 jioni na bajeti haijumlishiki. Kuna kamati ya maadili imekataa mradi wa mtu na mtu yuko mlangoni kwangu amefura. Kuna mashine ya milioni nyingi imekuja na hakuna aliyefikiria nani atailipia matengenezo mwaka wa tatu. Kuna simu ya saa 8 usiku kwamba friji la nyuzi 80 chini ya sifuri limezimika na ndani kuna sampuli za miaka 15 za watu 6 wasioongeleshana, na sasa itabidi waongeleshane.

Na kuna jambo ambalo lilinichoma kama mtu niliyeanzia mtoni. Maabara zetu ni wachafuzi. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha Exeter, Uingereza, walihesabu takataka za plastiki za idara yao wakakadiria kwamba maabara za baiolojia duniani zinatupa kama tani milioni 5.5 kwa mwaka. Ncha za pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupima matone, visahani, glovu, mara moja na pipa. Nilipopata cheo kitu cha kwanza nilichotaka ni kupandisha mafriji kutoka nyuzi 80 hadi 70 chini ya sifuri, manake umeme unashuka kwa robo mpaka theluthi hivi na sampuli nyingi hazidhuriki, nikadhani watu watanipigia makofi. Kilichofuata ni miezi 4 ya mabishano. Wengine walikuwa na haki, kuna sampuli ambazo mkataba wa mradi wenyewe umeandika 80, na mi sikuwa nimeuliza, nilituma waraka kwanza nikauliza baadaye. Tukaishia kwenye friji 11 kati ya 18, na sasa hivi wenye yale 7 wanakuja wenyewe.

Naikumbuka maabara sana. Ijumaa mchana nimejifungia, siku ya kushika pipeti, ingawa wanafunzi wanasema kwa heshima kwamba ninawaharibia. Wapo waliofika juu zaidi bila kupoteza fahamu, Shirley Tilghman alianza na kemia, akafundisha sekondari Sierra Leone, akachukua PhD ya baiokemia mwaka 1975, akaja kuongoza chuo kikuu cha Princeton kuanzia 2001 mpaka 2013. Mi namhusudu hiyo miaka ya kufundisha sekondari. Mtu aliyeweza kulishika darasa la vijana baada ya chakula cha mchana, kikao cha maprofesa hakimtishi.

Jambo moja la cheo ambalo hamna kozi yake ni namna ya kukosea hadharani. Yule Arnold niliyemtaja, Januari 2020, akiwa tayari na Nobeli, alitangaza mtandaoni kwamba makala yao moja wanaifuta kwasababu matokeo hayarudiki, akaomba radhi, akasema alikuwa na shughuli nyingi na hakufanya kazi yake vizuri. Niliwasomea watu wangu kikaoni. Wiki ile ile wanafunzi 2 wakaja ofisini kuniambia kitu ambacho walikuwa wamekikalia tangu mwaka uliopita.

SWALI: Sisi ni kundi dogo la watafiti chuoni. Kiwanda kimoja kinataka kutulipia tupime maji yake machafu na tutengeneze njia ya kuyasafisha, hela nzuri kweli. Sharti, matokeo yote wayaone wao kwanza na waamue yapi yatoke. Wenzangu wanasema tuchukue, mazingira yatafaidika. Wewe ungefanyaje?

JIBU: Ningechukua hela na kulikataa sharti, na kama havitenganishiki ningeacha vyote viwili.

Nakupa kisa kimoja. Minamata, Japani, tarehe 1 Mei 1956, daktari Hajime Hosokawa wa hospitali ya kiwanda cha kemikali cha Chisso alitoa taarifa ya ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1959 akaanza kumlisha paka chakula kilichotiwa maji machafu ya mtambo wa kutengeneza kemikali ya asetaldehaidi wa kiwanda hicho hicho, paka namba 400, na paka akaugua ugonjwa ule ule. Alikuwa na jibu mkononi. Uongozi ukamzuia kuendelea, matokeo yakafichwa. Mwaka huo huo kiwanda kikazindua kwa mbwembwe mtambo wa kusafisha maji, ambao haukuwa umeundwa kuondoa zebaki, na zebaki ndo ilikuwa sumu yenyewe, iliyowafikia watu kupitia samaki. Asetaldehaidi ikaendelea kutengenezwa mpaka 1968, na samaki wakaendelea kuliwa. Hosokawa alitoa ushahidi mwaka 1970 akiwa kitandani hospitali, akafa mwaka huo huo.

Alikuwa mtu mzuri, soma habari zake utaona. Kilichomkosa ni karatasi inayomruhusu kusema. Kwahiyo we nenda na mwanasheria wa chuo, si rafiki yako aliyesoma sheria, wa chuo. Mkataba uandike kwamba matokeo yatachapishwa, kwamba kiwanda kitapewa muda wa kuyasoma, siku 30 mpaka 90 ndo kawaida, ili kilinde siri zake za kibiashara za kweli, na muda ukipita mnachapisha wakitaka wasitake. Andikeni pia nani anachukua sampuli, saa ngapi, na kwamba mnaweza kuja bila taarifa. Na kikipatikana kitu kinachodhuru watu, mnaripoti kwa mamlaka siku hiyo hiyo, hakuna siku 30. Kiwanda kizuri kitanung'unika na kusaini. Kikikataa kipengele cha mwisho, mmeshapata tokeo lenu la kwanza bila hata kufungua chupa.

SWALI: Profesa, na ule mto wenu? Ulipona?

JIBU: Hii barua ilikuwa na mstari mmoja ndo maana nimeipenda.

Nilirudi mwaka juzi na wanafunzi 4. Kiwanda kimefungwa siku nyingi, maji hayana rangi, kuna majani ya kijani kibichi mpaka kati, ndege, kila kitu. Nikachomeka kipima oksijeni mwenyewe, saa 9 alasiri, ikasoma miligramu 8.4 kwa lita. Jamani nilikaribia kulia mbele ya wanafunzi, nikaanza na hotuba kabisa ya barua ya penseli na meneja. Binti mmoja, mdogo kuliko wote, mwaka wa kwanza wa masta, alikuwa anaangalia maji tu hanisikilizi. Akasema, samahani profesa, huu mwani wote si unatoa oksijeni mchana na usiku unaitumia? Nani amepima usiku?

Tukalala kwenye gari. Saa 11 alfajiri tukashuka na tochi, yeye ndo akachomeka. 2.3.